Ombi la Mtunza Masjala Aliyefanywa Mgeni na Faili la Zamani

Jumatano, tarehe 14. Asubuhi: mawingu mepesi, hakuna upepo, shuka niliyoianika jana bado mbichi upindoni.

Kwa Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Magodoro,
Ghorofa ya kwanza, mlango wa pili kulia.

Kupitia: Mlinzi wa getini (kwa kuwa barua zote za wageni hupitia kwake).

KUHUSU: KUOMBA NIACHE KUWA MGENI KABLA YA IJUMAA SAA SITA MCHANA

Ndugu Meneja Mkuu,

Nakuandikia kwa heshima zote kutoka kwenye kochi la wageni, hatua kumi na nne kutoka mlangoni kwako. Nimezihesabu kwa sababu sina kazi nyingine. Unisamehe kwa kuanza na hali ya hewa. Ni mazoea ya shajara yangu, ninayoiandika kila siku tangu nikiwa kidato cha pili, na mkono uliozoea hauulizi. Unisamehe pia ukiona mwandiko unakatika kila baada ya mistari kadhaa. Sababu yake iko Na. 1.

Mimi ni mtunza masjala wako, mwaka wa nne sasa, kwa mkataba wa muda. Wewe na wenzangu mmezoea kuniita Mama Muhuri. Ijumaa hii saa sita mchana bodi inakaa kuwathibitisha kazini wafanyakazi wa muda, na jina langu lilikuwa la tatu kwenye orodha. Nasema lilikuwa. Orodha hiyo bodi huisoma kwenye seva yetu ya VPN, yaani lile sanduku jeusi la chini ya ngazi ambalo hutuunganisha sisi na matawi yote bila watu wa nje kutuchungulia. Asiyekuwemo ndani ya sanduku lile, kwa kiwanda hiki, hayumo duniani.

Jumapili mvua ilivuja, sanduku likanywa maji, likasahau kila kitu. Nakala mpya za kumbukumbu zake, alizokuwa akizitunza fundi wa mitambo, zilikuwa mahali salama kabisa: ndani ya sanduku lilelile. Fundi mwenyewe yuko likizo ya kuoa mpaka Jumatatu ijayo. Kilichotuokoa ni bahasha ya kaki kwenye kabati langu la tatu, yenye maandishi "VPN, usitupe", na ndani yake mipangilio ya seva kama ilivyokuwa miaka mitano iliyopita. Hakuna aliyejua kwamba ipo ila mimi. Sikutarajia kupigiwa makofi. Lakini pia sikutarajia kuvishwa beji ya mgeni.

Nilimpigia fundi simu. Akaniambia, "Dada, weka lile faili, bonyeza Rejesha," nami nikaweka faili nikabonyeza Rejesha. Naambatisha nakala ya shajara yangu ya Jumatatu, mistari tisa ya kwanza, kuwa ushahidi kwamba sikugusa kitu kingine chochote. Mistari iliyobaki inahusu mambo ya nyumbani.

Tatizo ni hili. Faili ni la zamani, programu ya seva ni mpya. Programu mpya ina maswali ambayo faili la zamani halikuwahi kuulizwa: huyu ana cheo gani, huyu akae ndani muda gani, tawi hili limefunguliwa au bado. Zamani hakukuwa na mambo hayo. Ukiwa na nenosiri, unaingia, unafanya kazi yako, unatoka. Sasa pale faili lilipokaa kimya, programu ikajijibu yenyewe kwa kile inachokiita chaguo-msingi, yaani jibu ambalo walioitengeneza waliona lingewafaa watu wasiowajua. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakusema kimya kingi ni ndiyo.

Niruhusu mfano mmoja wa nyumbani. Shangazi yangu alikwenda kuuguza ndugu yake miaka mitano, akaacha karatasi mezani: "Nikirudi niikute nyumba kama nilivyoiacha." Huku nyuma umeme ukaingia mtaani, nyumba yake ikawekewa taa. Karatasi haikutaja taa. Je, siku anarudi tulifanya nini? Tulizima taa, tukamwashia kibatari chake, tukamwambia, "Shangazi, swichi ile pale, ukitaka bonyeza." Hatukumwashia taa tatu na kumfungulia redio kwa sababu eti fundi umeme ndivyo anavyopenda kwake. Kisichotajwa kinabaki kama kilivyokuwa siku karatasi ilipoandikwa, mpaka mwenye nyumba aseme vingine. Hiyo ndiyo adabu ya kurejesha kitu cha zamani. Programu hii haikulelewa na shangazi yangu.

Sasa malalamiko yangu, kwa namba:

1. KUFANYWA MGENI WA ROBO SAA. Faili lina miaka mitano, mimi nina minne hapa. Wenzangu wote walikuwepo lilipoandikwa, kwa hiyo nisiyemo ni mimi tu. Asiyekuwemo, programu imeamua, ni mgeni, na mgeni kapewa dakika kumi na tano. Mlinzi wetu, ambaye sote humwita Afande, anafuata simu ya getini inayosoma seva. Jumatatu saa tano alinijia mezani na beji namba saba.

"Mama Muhuri, mimi nakujua," alisema, na macho yake yalikuwa ya huruma. "Mama yangu alipofariki ulilala kwetu siku mbili ukiosha vyombo. Lakini simu haikujui. Na mimi nimeajiriwa kuisikiliza simu."

Tangu saa hiyo, kila robo saa nahesabiwa kuwa nimetoka nikaingia tena, na kila ninapoingia nasaini daftari la wageni: jina, nitokako, nimekuja kumwona nani. Kwenye hilo la mwisho nilikuwa naandika "mtunza masjala". Afande akanirudishia daftari, akasema mtunza masjala kwa sasa hajulikani alipo. Jana nilisaini mara thelathini na mbili.

Hilo ningelivumilia. Lakini unajua utaratibu wetu, Ndugu Meneja, kwa kuwa uliupitisha wewe na muhuri niliupiga mimi: kila mgeni anayeingia hupewa kikombe cha chai. Mimi naingia mara nne kwa saa. Nilimwomba mhudumu wa chai aniruke. Akaniambia, "Dada, kunywa tu, usinitafutie maneno. Mgeni wa juzi alirudisha kikombe kimejaa, nikaulizwa nimemkosea nini." Jana nilikunywa vikombe thelathini na kimoja. Cha thelathini na mbili sikukiweza, kwa sababu wakati huo nilikuwa msalani, ambako Afande alinifuata, akabisha kwa adabu, akapitisha daftari chini ya mlango na kalamu juu yake. Nikasaini.

Programu hii haina hata chembe ya aibu.

(Nimesaini. Saa tatu na robo. Chai ina tangawizi leo.)

2. MZEE SAINI. Huyu ndiye aliyekuwa mtunza masjala kabla yangu. Alistaafu, akafanyiwa sherehe, akapewa saa ya ukutani. Jina la Mzee Saini alipewa kwa sababu hajawahi kuona karatasi akaiacha bila kuisaini. Faili la zamani linamtambua. Tena, kwa kuwa programu mpya inataka kila seva iwe na msimamizi, na faili la zamani halikumtaja, programu ikamchagua wa kwanza kwenye orodha, na wa kwanza ni yeye. Jumatatu jioni simu yake ikamletea ujumbe: "Karibu tena. Wewe ni msimamizi."

Jana saa moja na nusu alikuwa mezani kwangu na tai yake ya kijani. Alikuwa ameshashusha kiti changu vidole viwili. Kufikia saa sita alikuwa amesaini barua arobaini, orodha ya zamu za usafi, na karatasi iliyofungiwa mandazi.

Kwa kuwa yeye tu ndiye mwenye uwezo wa kuniandika, nilimwendea (nikisindikizwa na Afande, kama mgeni). Nilimweleza habari ya Ijumaa. Alivua miwani, akanitazama kwa upole wa baba.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilistaafu hujaja. Siwezi kumwandika mtu nisiyemjua. Ningekuwa mtu wa namna hiyo, masjala ungeikutaje?"

Nikasema niliikuta safi sana.

"Umeona?" akasema. Akanimiminia chai. Kwenye kikombe changu mwenyewe, kile chenye kifuniko.

Mchana mke wake alimletea chakula getini. Aliponiona alinishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye uliyelirudisha lile faili? Mungu akuzidishie, mwanangu. Miaka minne na nusu nashinda na mtu anayesaini kalenda. Jana alimsainia paka." Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba nakusudia kuandika barua hii.

3. WEWE MWENYEWE. Hili naliandika nikiwa nimeinamisha kichwa. Miaka mitano iliyopita hukuwa Meneja Mkuu. Ulikuwa Msaidizi wa Mauzo, daraja la pili, na ndivyo faili linavyokujua. Jumatatu ulipoambiwa ulicheka mpaka ukafuta machozi. Jana hukucheka. Nenosiri lako lilikufungulia bei za magodoro na ramani ya wateja, basi, na wewe si mtu wa kukaa bure. Saa nne nilikuona unatoka na vipande vya sponji kwapani. Ulinipita hapa kochini, ukarudi nyuma hatua mbili, ukainama kidogo.

"Karibu sana, dada. Umeshahudumiwa? Mgongo unakusumbua?"

Ndugu Meneja, mimi ndiye ninayekufungulia barua kila asubuhi. Mwaka jana nilikunakilia hotuba yako ya kufunga mwaka, na lile neno "aidha" nililipunguza kutoka mara kumi na tisa hadi sita. Lakini kabla sijajibu, ulishanikabidhi kipande cha sponji nikibonyeze. Nikabonyeza. Ukaniuliza nyumbani nalalia la inchi ngapi. Nikasema nne. Ukatikisa kichwa kama daktari.

Nimenunua la inchi sita. Linaletwa leo jioni. Silalamiki kuhusu hilo. Nasema tu kwamba nilikuja kazini, nikatoka na godoro.

Na kwa kuwa barua hii ni ya kweli tupu, niongeze: unauza vizuri kuliko unavyosimamia. Lakini programu haikuwa na haki ya kutuonyesha.

4. TAWI LA SOKONI. Tawi hili lilifunguliwa miaka mitatu iliyopita na huuza kuliko yote. Faili halilijui. Programu, bila kuuliza mtu, imeliandika "Tawi jipya, bado kufunguliwa." Mkuu wa tawi ni mtu wa kufuata sheria. Jumatatu mchana aliwatoa wateja nje kwa upole, akafunga milango, akaenda kununua utepe. Jana alinipigia simu ya mezani ya mapokezi. Anasema uzinduzi ni kesho saa nne, kila kitu tayari, ila hana mgeni rasmi. Alipotafuta kwenye seva neno "mgeni" lilitokea jina moja tu.

Nilikataa. Akasema, "Mama, mgeni ni wewe peke yako nchi nzima. Ukikataa, nani akate utepe?"

Nimekubali. Nimeandaa hotuba ya dakika kumi na tano, maana zaidi ya hapo sitakuwepo.

(Nimesaini. Saa nne kamili.)

5. IJUMAA. Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe. Yale mengine nimeyataja ili ujue sikurupuki. Nimefanya kazi miaka minne kwa mkataba wa miezi sita-sita. Mara saba nimeanza upya. Kila mkataba ukikaribia kwisha, mimi ndiye ninayeupigia muhuri wa "umekwisha", halafu nasubiri wiki moja kujua kama nitapewa muhuri mwingine niupige. Mtu akithibitishwa haandikiwi tena hivyo. Anaweza kununua kabati la nguo kwa moyo mkunjufu. Anaweza kupanda mwembe, kwa sababu anajua atakuwepo ukizaa. Ndicho ninachokitaka na si kingine.

Kanuni za kiwanda, ukurasa wa kumi na moja, zinasema siku hiyo bodi hukutana na watu wa aina mbili tu: wale walio kwenye orodha ya kuthibitishwa, inayosomwa kwenye seva, na wale wenye onyo la maandishi, ambao ni lazima waitwe wajitetee, na ambao majalada yao hubebwa kwa mkono kutoka kabati la tatu mpaka mezani. Aina ya pili hainihusu. Sijawahi kupewa onyo, wala kuchelewa, hata siku niliyobanwa kidole na droo ya kabati hilohilo. Nabaki na aina ya kwanza, na huko programu imenifuta.

Kuna watakaosema mgeni ana raha yake. Mama mkwe wangu, ninayeishi naye, ni mmoja wao. Nilipomsimulia jana aliuliza, "Mwanangu, hebu rudia. Unakaa kwenye kochi, unaletewa chai, watu wanakuinamia, na kesho kutwa unakata utepe. Unalalamika nini hasa?"

Nikamwambia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu Meneja, methali hii ni kubwa kuliko programu yoyote, na haijawahi kuwa na toleo jipya. Jumatatu nilikuwa mgeni. Jana nilikuwa mgeni. Leo ni siku ya tatu, na sijaona jembe. Jembe langu ni mihuri miwili, kibodi yenye herufi M iliyofutika, na ufunguo wa kabati la tatu ambao Mzee Saini ameuvaa shingoni.

6. NINACHOOMBA. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

(a) Popote faili la zamani lilipokaa kimya, kimya chake kiheshimiwe. Yaliyokuwa yanaruhusiwa siku lilipoandikwa yaendelee kuruhusiwa, na mambo mapya yasubiri mwenye mamlaka ayasemee moja baada ya jingine.

(b) Nirudishwe kwenye orodha kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

(c) Programu ichukuliwe hatua. Sisemi kwa chuki. Lakini kitu kilichoulizwa maswali mazito kuhusu maisha ya watu, kikajibu harakaharaka bila kuyasoma, hakistahili kuachwa hivihivi. Sijui ilikuwa inakimbilia nini. Ipewe onyo kali la maandishi, liwekwe kwenye jalada lake. Isomeshwe mwongozo wote kwa sauti, mbele ya wafanyakazi, ukurasa kwa ukurasa.

(d) Programu isipewe chai wiki mbili. Najua hainywi. Iwe fundisho.

Nimalizie kwa kuwasalimu wote: Afande, na kalamu yake ya bluu irudishiwe kifuniko, mhudumu wa chai, asiongeze tangawizi tena, Mzee Saini na mkewe, mkuu wa Tawi la Sokoni na utepe wake, fundi na bibi arusi, wajumbe wa bodi kwa vyeo vyao, na wewe, kwa cheo chochote utakachokuwa nacho barua hii ikikufikia.

Aliye tayari kushika jembe lake,

Mtunza Masjala
(Mgeni Na. 7)

Nyongeza, nyumbani, jioni ileile.

Barua ilikuwa imeshafungwa kwenye bahasha. Mama mkwe akaniomba nimsomee kabla haijaenda. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema imeandikwa vizuri, kisha akauliza, "Na hiyo mistari ya mambo ya nyumbani inasemaje?"

Nikasema sikumbuki.

"Si umeandika? Lete daftari."

Ndugu Meneja, mtu wa kumbukumbu hawezi kuzikimbia kumbukumbu. Nanakili mistari hiyo kama ilivyo:

Mstari wa kumi: "Fundi akasema: Lakini Dada, ikikuuliza kitu chochote, soma mpaka mwisho, usibonyeze tu."

Wa kumi na moja: "Ikauliza: Mambo yasiyotajwa kwenye faili la zamani yafanyweje? Kama yalivyokuwa zamani; au chaguo-msingi; au nikuulize moja moja (maswali 212)."

Wa kumi na mbili: "Chaguo-msingi lilikuwa limeshawekewa alama. Nikabonyeza Endelea. Chai ilikuwa inapoa."

Mama mkwe alicheka mpaka akaomba maji. Mimi nilikaa na daftari mapajani. Sikuchagua chochote, Ndugu Meneja. Niliulizwa, nikanyamaza, nikaendelea. Kimya changu kilikuwa ndiyo.

Kwa hiyo naomba barua hii isomwe yote kama ilivyo, ila popote penye neno "programu", kuanzia Na. 1 hadi Na. 6, pasomeke "mimi". Hapo pa aibu pia. Isipokuwa 6(d) tu, ya chai. Hapo libaki "programu", kwa sababu nimeteseka vya kutosha.

Ombi langu (b) naliondoa, maana sina tena uso wa kuliomba. Lakini (c) naomba litekelezwe haraka, kesho asubuhi ikiwezekana, kabla sijaenda kukata utepe. Onyo la maandishi halipiti kwenye seva. Ni karatasi na kalamu, na msaidizi wa mauzo aliyekuwa meneja bado ana mkono wake. Tazama pia ukurasa wa kumi na moja. Mgeni hapewi onyo. Anayepewa onyo ni mfanyakazi. Onyo likishaandikwa litafunguliwa jalada, jalada litawekwa kabati la tatu, na Ijumaa saa sita nitaitwa mbele ya bodi kwa jina langu kamili, nikiwa aina ya pili. Wakiniuliza mimi ni nani hapa kiwandani, jibu litakuwa mezani mbele yao. Nikitakiwa kujitetea, nitawaomba wanithibitishe ili wapate mtu wa kudumu wa kumlaumu.

Karatasi ya onyo nimeiandaa mwenyewe, imeambatishwa. Maneno ni makali kama inavyotakiwa. Imebaki saini tu. Wewe ukiwa na shughuli na wateja, mpe Mzee Saini. Hataiacha.

Godoro la inchi sita limefika saa kumi na mbili na nusu. Nimelilalia saa tatu na dakika arobaini usiku. Halikuniuliza mimi ni nani.